Mgonjwa wa Bawa la Kushoto

9 Desemba 1943

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mwanao aliye mbali lakini mzima. Kifua chako kimetulia? Kuni zinatosha? Ng'ombe bado anatoa maziwa? Mimi sijambo, nala nashiba, na koti la manyoya ninalo.

Mama, nina mzigo wa kukutwika, na sina mwingine wa kumtwika. Mwishoni mwa mwezi uliopita ndege yangu ilianguka. Usishtuke, mimi nilichubuka tu, ndiyo maana nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe.

Ndege zetu unazijua, niliwahi kukuchorea: mbao na kitambaa, injini moja, mabawa yamepandana kama vitanda vya bweni. Juu ya bawa la chini wamefunga masanduku mawili, kila upande moja, na majeruhi hulazwa humo. Siku hiyo nilibeba watu wawili. Kulia nilimlaza mwalimu mmoja Mtatari wa Alma-Ata, anaitwa Galimjan. Kushoto alikuwa mtu wa Karabulak, ng'ambo ya mto wetu, jina lake Sadwakas, amepigwa risasi ya tumbo. Aliponisikia nasema Kikazakhi akauliza, "Dada, rubani yuko wapi?" Nikamwambia ndiye mimi. Akafumba macho. "Basi nifunge vizuri. Dada zangu mimi hata punda aliwashinda."

Tulicheka wote, hata daktari ambaye hakuelewa neno.

Angani tulikutana na ukungu wa baridi. Barafu ikayashika mabawa, ndege ikawa nzito, ikashuka yenyewe msituni mchana kweupe. Galimjan alipona. Sadwakas alifariki kabla watu hawajatufikia.

Mkewe anaitwa Kamar. Karatasi nyeusi, ile ya taarifa ya kifo, itamfikia siku yoyote, na tarishi wa kule, wewe ndiye uliyeniambia, huzitupa mlangoni akakimbia. Nenda wewe, Mama. Mpe habari kwa desturi yetu, kwa maneno ya kuzunguka, akiwa amekaa chini. Mwambie mumewe hakufa peke yake.

Mwanao,
Raihan


20 Januari 1944

Mwana-ngamia wangu Raihan,

Nakusalimu na kukubusu paji la uso. Kifua changu kinakohoa kama kilivyozoea, ng'ombe amekauka, sisi tuko. Na wewe, afya yako? Nakuuliza afya yako, binti yangu, na safari hii unijibu.

Nilikwenda Karabulak. Mwenyekiti wa shamba letu la ushirika alinipa ng'ombe mmoja na sleji ya kuburutwa thelujini, akanung'unika mpaka nikatoweka machoni pake. Nilimkuta Kamar anasokota sufu. Ni mwembamba, ana macho makubwa, bado mbichi kabisa, hajafika hata umri wako. Alinikaribisha juu, mahali pa mgeni, nami nikaanza kama mababu walivyoanza: kwamba hata mwewe anayepita mawingu ana siku ya kukunja mabawa, kwamba hata mto mkubwa una mahali unapokauka. Mkono wake haukuacha kusokota. Aliniacha niseme yote niliyoyapanga njia nzima, kisha akasema taratibu, "Usijichoshe, mama. Najua."

Yule Galimjan wako alikuwa amepita hapo akirudi kwao, na magongo yake. Alikwenda mpaka Karabulak kwa ajili hiyo tu.

Kisha Kamar akaniuliza: "Siku hiyo hata kunguru hawakuruka, mgeni amenieleza. Binti yako aliruka kwa nini?" Nikasema mwanangu si mtu wa mchezo. Lilikuwa jibu jepesi na wote wawili tuliliona jepesi. Ndipo akasema Galimjan alikuona kwa macho yake, ndege inawaka, unamburuta Sadwakas kwenye theluji, na mguu wako mwenyewe unaburutika nyuma kama si wako. Na kwamba hospitalini Saratov, ulikolazwa, wameukata, juu ya goti.

Nilishika ukuta. Umenituma nikapeleke msiba wa watu, Raihan, kumbe nilikuwa nimebeba wangu mgongoni na sijui. Mjane niliyekwenda kumfariji ndiye aliyenimiminia chai, akanishikia bakuli ninywe.

Kuchubuka! Hilo ndilo jina lake huko kwenu?

Kamar anauliza pia mumewe alisema nini mwishoni. Galimjan wakati huo alikuwa amekwisha zirai, hakusikia.

Sijui nikukasirikie au nikulilie. Nafanya yote mawili, kwa zamu.

Mama yako,
Batima


16 Februari 1944

Mama yangu,

Salamu, na nisamehe. Umeniuliza afya, nakujibu. Kidonda kimefunga. Usiku vidole ambavyo sinavyo vinaniwasha. Chakula nakula, ila sina hamu.

Mwambie Kamar hivi, bila kupunguza neno. Daktari alisema Sadwakas asipofika kwenye chumba cha upasuaji kabla ya jioni, amekwisha. Barabara ilikuwa imekatwa. Hakuna aliyeniamuru. Daktari alinitazama, nami nikatazama mawingu, nikaona mwanya upande wa mashariki. Mwanya ukafunga. Tume ilikuja kitandani kwangu, ikauliza maswali juma zima, ikasema hakuna wa kulaumiwa, ni hali ya hewa. Nilijisikia vibaya zaidi kuliko kama wangeniadhibu. Mtu aliyelaumiwa anajua pa kusimama.

Maneno ya mwisho alisema, na nayakumbuka. Lakini barua hii itasomwa na wakaguzi wawili watatu kabla yenu. Ni maneno ya mume kwa mkewe. Siwezi kuyaweka hapa.

Sasa na mimi nikuombe, usinitazamie. Hapa wanatafuta wanawake wa kushona vitambaa vya mabawa, ni kazi ya kukaa, nimejiandikisha. Nyumbani nitafanya nini? Nani atateka maji, nani atakata kuni? Wewe unakohoa, nami nikae karibu na jiko nikihesabiwa mdomo wa kulishwa tu? Na kila mtu wa Karabulak atakayepita atasema, yule ndiye. Niache huku, Mama. Wasalimie wote.

Mwanao,
Raihan


12 Machi 1944

Mama yangu,

Salamu tele. Nimeandika mara mbili baada ya ile ya Februari, na hakuna jibu. Je, ni kifua? Kama huwezi kushika kalamu, mwombe yeyote aandike neno moja tu, "mzima", nami nitatosheka. Kama ni hasira, niandikie hiyo hasira. Naitaka.

Nimeanza magongo. Jana nimefika mwisho wa ukumbi na kurudi, na mgonjwa mmoja wa wodi ya pili akanipigia saluti kama jenerali. Tumefungiwa kwa karantini, kuna homa ya chawa, hakuna anayeingia wala kutoka.

Leo asubuhi moja ya ndege zetu imepita juu ya paa. Nimeijua kwa ule mlio wake wa cherehani. Wenzangu wote walikimbilia dirishani. Mimi nilijifunika blanketi kichwani mpaka ikapotea. Sijamwambia mtu, nakwambia wewe. Siogopi kufa, Mama. Naogopa kutazama juu.

Uko wapi? Mbona kimya?

Mwanao,
Raihan


20 Machi 1944

Raihan, mwanangu,

U hali gani? Mimi mzima, kifua kizima. Naandika nimesimama, juu ya karatasi ya sukari, kwa penseli niliyopewa mlangoni na mama anayefagia hospitalini kwenu, na huyohuyo ndiye atakayekuletea.

Kama uliandika tena, barua hizo sikuzipata. Bila shaka zimepishana na treni yangu. Ile ya Februari niliipata. Nilimpelekea Kamar, akaisoma, akaikunja, akaniuliza treni inapitia wapi. Nilidhani mwenyekiti atatunyima kibali. Alinung'unika, kisha akaandika, kwa sababu na yeye ana mwana asiyeleta barua. Tumelala kwenye stesheni, tumesukumwa na kutukanwa kwa lugha ambazo sikujua zipo, tumekula jibini kavu mpaka fizi zikauma.

Mlinzi hatufungulii, anasema ni karantini. Nimemwambia nimevuka nyika nzima, ananijibu chawa nao wamevuka. Ni mtu mzuri. Ametuonyesha dirisha la mwisho wa ukumbi wenu, ghorofa ya pili, upande wa uani.

Kuhusu maji na kuni hatutabishana. Kuhusu watu wa Karabulak, mmoja wao yuko hapa nami, amejifunga shali yangu kwa sababu yake ameibiwa njiani. Anasema hakuja kukudai kitu. Amekuja kusikia maneno ya mumewe, na kwa kuwa humu hatuingii, itakubidi ufungue dirisha uyaseme kwa sauti. Uani hakuna mtu, ila mimi, na nitaziba masikio.

Chukua magongo yako, uje dirishani. Usikimbie, sakafu wameiosha. Tuko hapa chini kwenye theluji, tunatazama juu.

Mama yako