Mvivu wa Shamba la Mkonge

Korogwe, 3 Machi 2024

Bibi Hilaria, shikamoo.

Habari za Misima? Magoti yanaendeleaje? Sisi wazima, ila kufundisha huku nasoma chuo kumenichosha.

Nina swali. Kazi yangu ya chuo ni kuchambua filamu fupi ya mwaka 1954, jinsi inavyowaonyesha Waafrika na siasa za wakati ule. Ilipigwa kwenye shamba la mkonge hapa Korogwe. Mkata mkonge mvivu amelala. Meneja anamwamsha, anamfundisha, mwishoni anachapa kazi akitabasamu. Mzungu ndiye anayesimulia. Hakuna mfanyakazi anayesikika hata neno moja, wala majina yao hayakuandikwa. Mama anasema ulikulia kambi ya wafanyakazi wa shamba lile. Nimekutumia picha ya huyo mvivu. Unamfahamu?

Mjukuu wako,
Munira

Misima, 20 Machi

Mjukuu wangu, marahaba. Magoti ni yale yale.

Huyo ni baba yangu, Abraham. Alikuja kama manamba, kibarua wa mkataba, kutoka Songea. Hakuwa mvivu. Kazi ya siku ilipoongezwa, wenzake walimchagua akawasemee kwa meneja. Wiki mbili baadaye wakaja wapiga filamu, meneja akamnyooshea kidole: "Huyu ndiye atakayelala."

Baba akakataa.

"Basi fungasha, utoke kambini na mkeo."

Mama alikuwa na mimba ya miezi minane. Baba akalala.

Usiniulize zaidi. Nimechoka.

Bibi yako

Korogwe, 29 Machi

Bibi, shikamoo. Pole sana.

Kurasa arobaini nimeandika "yule mvivu", kumbe ni damu yangu. Mwalimu wangu anataka niweke jina lake na habari ya meneja. Siweki bila ruhusa yako. Anauliza pia: watu wa kambini wenyewe waliipokeaje filamu?

Munira wako

Korogwe, 2 Mei

Bibi, shikamoo. Mwezi umepita. Mjomba Elisha anasema u mzima, shambani unakwenda. Nimeelewa. Wiki ijayo nakabidhi kazi bila jina.

Munira

Misima, 5 Mei

Munira, marahaba. Sikuugua, wala sikukasirika. Swali la mwalimu wako ndilo lililonichelewesha kujibu.

Filamu ilipoletwa, walitundika shuka uwanjani. Kambi nzima ilicheka, baba amesimama nyuma yetu. Tangu hapo, kila akiinuka kwenye mkutano wa wafanyakazi mtu anaita, "Lala, mzee!" Mwisho akaacha kusema. Nafasi yake akapewa mtu wa meneja.

Andika kwamba Wazungu walimdhalilisha. Ni kweli. Lakini nilikuwa na miaka tisa, na nilicheka kuliko wote. Niligeuka nimwambie baba jinsi alivyonichekesha, nikauona uso wake. Aliishi miaka ishirini na saba baada ya siku ile. Sikumwomba radhi.

Jina lake liweke. Na utakapofika kwa waliocheka, weka langu.

Hilaria binti Abraham