Majina Yaliyopaswa Kung'aa

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku Lushoto ni baridi na mvua, lakini sote tu wazima. Babu yako anapanda karoti.

Umeuliza kwa nini programu za zamani zilihitaji kuelezwa kwanza uwezo wa kila skrini. Mimi nililijua jibu nikiwa karani wa shamba la chai, lilipouzwa kwa mtu binafsi.

Kompyuta ilitoa orodha ya wafanyakazi, na majina ya waliopunguzwa kazi na mmiliki mpya yalitakiwa kung'aa kwenye skrini. Skrini yetu kuukuu haikuweza kung'arisha herufi, na hakuna aliyeieleza programu hivyo. Nikaona majina yote sawa, nikatoka nje kutangaza kwamba hakuna aliyeachishwa. Watu walipiga vigelegele.

Kesho yake fundi alirekebisha maelezo ya skrini, ili majina hayo yawekewe nyota. Mojawapo lilikuwa la Mama Yosefu, mchuma chai aliyetoka Njombe akiwa msichana. Meneja alisema tubandike tangazo. Mimi nikaenda kwanza nyumbani kwa Mama Yosefu.

"Shikamoo mama. Jana nilikosea. Umepunguzwa."

Alinisogezea kigoda. "Marahaba. Afadhali umekuja mwenyewe, mwanangu. Tangazo lingenikuta mbele za watu."

Tangu hapo, nikiona mambo yote yako sawa, hujiuliza kama kile ninachotumia kutazama kinaweza kunionyesha tofauti.

Siku ile nilikaa na Mama Yosefu jikoni kwake mpaka akaweza kulia.

Bibi yako,
Mwanaidi