Gunia la Mshono wa Kurudia

Nyumbani kwetu,
Jirani na mashine ya kusaga.
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko kwenye baridi? Kifua kimepoa, au bado unakohoa kama pikipiki ya shemeji yako? Sisi wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi tu; jua likipanda, humkamati. Dawa ulizomnunulia zimefika, na anazimeza bila kunung'unika, jambo ambalo mimi sijawahi kuliweza.

Barua yako nilimsomea. Nilipofika pale ulipoandika kwamba huko ghalani unashona magunia ya mahindi ya msaada, na kwamba yanayokuja kwetu unarudia mshono ili hata punje isimwagike njiani, alilia. Ndiye aliyekufundisha kushika shazia, ile sindano kubwa ya magunia, nawe ulikuwa ukijichoma na kulilaumu gunia.

Sasa nina neno, na usininunie.

Mwaka wa ukame msaada ule ulituokoa. Sitakufuru. Kitinda mimba wangu alikuwa amebaki macho tu, na leo anaparamia miti. Lakini mvua ilirudi, shamba likazaa, stoo ikajaa hadi mlangoni, na magunia yenu yakaendelea kuja vilevile. Mnunuzi wa nafaka alifika na lori lake, akachungulia stoo, akasema, "Sasa dada, mimi nitamuuzia nani, na watu wanagawiwa bure?" Akaondoka na lori tupu.

Na wa kwanza kwenye foleni ya bure ni nani? Mama! Fukusi wanafanya karamu kwenye mahindi yetu, yeye anarudi na gunia la msaada kwenye toroli. Nikimuuliza, ananijibu, "Mimi sifuati mahindi. Natafuta mkono wa mwanangu." Analigeuza, anapapasa mshono, anasonya. "Hili si lake. Huyu kashona kama anakimbizwa." Majirani wanacheka, nami nacheka nao, kisha naingia stoo kulia.

Kinachonikaba ni hiki: magunia hayo ndiyo mshahara wako, na mshahara wako ndio dawa za Mama. Nikiomba yasimame, ni kama naomba ufukuzwe kazi. Nikinyamaza, shemeji yako anaacha shamba. Ameshasema msimu huu tulime kipande cha kula tu, yeye aende mjini kubeba zege. Na ukame ukirudi wakati hatulimi? Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na nduguye mwenyewe ndiye wewe.

Sikuambii uache kazi, na najua meli zinazoyaleta si zako. Ila wakubwa wako wakipita hapo, waulize kama wanajua sisi tunavuna lini. Ng'ambo ya milima kuna watu ambao mvua imewaruka. Wanunue mahindi yetu wawapelekee hao. Watuletee magunia matupu, kujaza tutajaza wenyewe.

Jana nilimweleza Mama haya yote. Nilidhani atasusa. Yeye akaomba shazia yake. Akachagua mahindi yetu mazuri, akajaza gunia, akalishona mdomo huku akirudia mshono. Akamwambia shemeji yako, "Hili ni la mwanangu. Wewe nenda kalime." Foleni, amesema haendi tena.

Leo alfajiri nimemsikia shemeji yako akinoa jembe. Sijathubutu kumuuliza ni la kipande au la shamba zima.

Shangazi mshonaji anakusalimu, na yule rafiki yako fundi baiskeli anauliza utaoa lini. Watoto wanataka picha ya theluji.

Mungu akupe afya na akufungulie njia ya kurudi. Gunia liko chumbani kwa Mama, chini ya dirisha, na amekataza lisiguswe. Anasema uzi ule utaukata wewe mwenyewe.

Akupendaye hata akikusema,
Dada yako