Mto wa Kalinga Nimeupa Jina la Kwetu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ramani ya huku kwetu Usangu haijapelekwa Dar es Salaam kuchapwa, maana ikishachapwa sitakuwa na la kufanya.

Mimi ni Msukuma, niliondoka Shinyanga nikiwa kijana kuja kuchimba dhahabu Chunya, dhahabu ikapungua, nikanunua ng'ombe, nikateremka nao hadi bonde hili, na aliyenipokea ni Kalinga, Msangu, akanionyesha mahali pa kujenga na mahali pa kunywesha, na tangu hapo tumezeeka pamoja tukitaniana kila siku. Kwetu sijarudi. Wazazi walikufa nikiwa huku, na ndugu zangu wameniandikia kwamba mto wetu mdogo, Nyamhuge, umekauka, watu wanalima pamba ndani yake, na watoto wa sasa hawajui kama palikuwa na maji wala kama palikuwa na jina.

Kiangazi hiki wamekuja wapima ardhi, wamepiga hema karibu na shule, wana picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Kiongozi wao, Bwana Silvester, kijana wa Iringa mwenye adabu, huweka picha mbili chini ya chombo chenye vioo viwili, na ukiinama kutazama unaona vilima vimeinuka na mabonde yamezama kana kwamba uko angani. Kisha huchora kwenye karatasi angavu, mito na karatasi yake, njia na yake, makazi na yake, majina na yake, akizipanga moja juu ya nyingine nchi nzima inatokea. Alikuwa akiwaita wazee wamtajie majina, na siku hiyo Kalinga alikuwa amekwenda sokoni Mwanjelwa kuuza mpunga, nikaitwa mimi. Nikainama. Mshauri, mto wa hapa nimeuvuka kwa miguu miaka yote nisione kitu, lakini kutoka juu niliuona ukipinda chini ya kilima cha mawe na kutanuka, vile vile kama nilivyoutazama wa kwetu utotoni nikiwa juu ya mwamba nachunga, na machozi yakanijaa. Silvester akauliza, "Mzee, huu mnauitaje?" Nikasema, "Nyamhuge." Akaandika.

Kalinga aliporudi alipita hemani, kisha akaja kwangu, hata kigoda hakukikalia.

"We Msukuma, kesho utasema na mke wangu kazaliwa Shinyanga."

Nikacheka, nikidhani ni utani wetu. Yeye hakucheka. "Ng'ombe zako nilizipa maji. Mto sikukupa. Huu ni Ihanzi, mama yangu alinizalia pale ukingoni, na wewe unajua."

Tangu siku hiyo hapiti kwangu. Mke wangu Leokadia ananiambia, "Baba Shija, nenda kafute, ni neno moja tu." Lakini neno hilo moja ndilo lililobaki la kwetu, likifutwa hapa halipo tena popote duniani. Silvester amesema karatasi zitaondoka mwisho wa mwezi. Je, nikamwambie nilikosea, au ninyamaze jina la kwetu lipate mahali pa kukaa?

Nkuba, Usangu.

MSHAURI ANAJIBU

Baba Nkuba, shikamoo, na pole. Mtu aliyepotewa na mto wa utotoni ana haki ya kulia, hata hemani mbele ya wapima ardhi. Lakini nitakugombeza, na heshima yako ibaki palepale.

Unasema jina la kwenu likifutwa halitakuwapo popote. Na Ihanzi je? Ulitaka liende wapi? Hakuna anayejua kuliko wewe uchungu wa jina kukosa wa kulitamka, na uchungu huo umekwenda kumgawia mtu aliyekupokea. Ulipoinama kwenye vioo ulisahau ulipo. Hilo nalielewa. Ulipoinuka ulikumbuka, na mpaka leo umenyamaza.

Umeeleza mwenyewe kwamba mito iko kwenye karatasi moja na majina kwenye nyingine. Basi jina litafutwa na mto hautaguswa, na Bwana Silvester atakushukuru, kwa sababu ramani yenye jina ambalo wenyeji hawalijui itawapoteza watu. Ila usianzie hemani. Anzia kwa Kalinga. Usimpelekee habari za Shinyanga wala machozi. Mwambie, "Nilikunyang'anya, nisamehe," kisha mwende wote, na jina alitaje yeye kwa kinywa chake.

Kuhusu Nyamhuge, usimpe mpima ardhi kazi ambayo ni yako. Mkeo anakuita Baba Shija. Je, Shija analijua jina hilo? Barua ndefu hivi, hukuandika kama umewahi kumtajia. Mpandishe kilimani, muonyeshe mto wa Kalinga, umwambie wa kwenu nao ulipinda hivi. Na ukipata nauli nenda Shinyanga ukasimame juu ya ule mwamba, hata kama chini ni pamba tupu. Utaumia, lakini utakuwa umefika.

Majina yenu nimeyasoma hapa redioni kama yalivyo, kwa sababu hukuniomba niyafiche, na Kalinga sidhani kama anaishi mbali na redio. Ameshasikia kila kitu. Usimfanye angoje. Zima redio, baba, uende.