Maji ya Kwanza ya Asubuhi

Mwanangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na mke wako na wale wajukuu wangu wawili wasiopenda kupiga simu. Ukiniuliza mimi, mimi sijambo. Goti la kushoto linanisumbua kwenye ngazi, ila mdomo haujaumwa hata siku moja, na hilo unalijua kuliko wote.

Usishtuke kupata barua. Kwenye simu wewe una haraka na mimi nina ujanja, na jambo hili halitaki haraka wala ujanja. Tena nalitaka kwenye karatasi, uliweke mezani mbele ya wakubwa wenzako kabla ya Alhamisi. Anayeniandikia ni msusi wa hapa chini, mama yake Kasuku. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia asinipambe, neno likiwa bovu, aliandike hivyo hivyo bovu.

Alhamisi mnamweka Bwana Chupa, mchukua maji ya kupima wenu, mbele ya kamati. Umeniambia mwenyewe kwamba mmeshamnyang'anya begi la kazi na ufunguo wa pikipiki, na asipokuwa na la kujitetea mnamfukuza kwa kosa la kughushi vipimo. Mtu amebakiza miaka miwili astaafu. Nimekaa na neno hilo siku sita, haliteremki kooni.

Nivumilie, baba, nianzie mbali kidogo. Hujawahi kunisikia nikianzia karibu.

Kabla hujazaliwa, maji ya mtaa huu yalikuwa bomba moja la kona, na foleni yake ilikuwa na matusi yake. Baba yako alikuwa kijana, fundi bomba, mikono imejaa mikwaruzo. Akaleta nyumbani bomba la rangi ya kijivu, zito kuliko lilivyoonekana, laini hata alikuwa analikunja kwa goti kama mtu anayekunja mkeka. Alilichimbia peke yake kutoka barabarani mpaka jikoni. Siku ya kufungulia aliniweka mbele ya koki, yeye akaenda nje kwenye valvu. Bomba likakohoa, likatema kidogo, likanyamaza. Nikadhani limekufa. Halafu maji yakaja kwa nguvu, yakanilowesha mpaka tumbo lililokuwa na wewe ndani. Baba yako aliingia mbio na viatu vya matope, na siku hiyo tu sikumgombeza. Akanywa kwa viganja, akajifuta, akaniambia, "Kona huendi tena."

Sijasikia neno la mapenzi kama lile tangu siku hiyo, na mtu yule hakuwa bubu.

Majirani wakamwomba na wao. Nyumba ya pili, ya tatu, mpaka mtaa mzima. Kila bomba lililoingia ndani ya nyumba hapa limepita kwenye goti la baba yako. Na wewe ulikulia kwenye sinki lile. Nilikuogesha humo mpaka miguu ikawa inaning'inia nje. Baadaye ukaanza kujaza chupa na kuzipanga dirishani, unazitazama kwenye jua, unasema hii mgonjwa, hii imepona, hii arudi kesho. Baba yako alicheka mpaka akakohoa. Leo wanakulipa kwa mchezo uleule, na unavaa koti jeupe.

Sasa Bwana Chupa. Miaka tisa iliyopita alikuja kuniambia kwamba koki yetu imechaguliwa kupimwa kwa niaba ya mtaa wote, kwa kuwa bomba letu ndilo la zamani kupita yote. Akanipa sharti moja tu: akija kesho asubuhi, koki isiwe imefunguliwa tangu jioni. Anataka maji ya kwanza, yale yaliyolala ndani ya bomba. Nikamwambia nimesikia.

Basi alikuja kila baada ya miezi mitatu, saa kumi na mbili na nusu, hakosei. Anafuta viatu mpaka zulia linamwonea huruma. Anaweka chupa zake mezani, anaandika tarehe kwenye kila moja huku ulimi umetoka pembeni kama mtoto wa darasa la kwanza. Chai hakubali mpaka achukue maji kwanza, na akishachukua anakunywa vikombe vitatu na kunisimulia mabinti zake. Nilimtania kwamba anakuja kunywa chai, maji ni kisingizio. Akasema, Bibi, usinitobolee siri, mkubwa wangu ni mwanao.

Maji yetu yakatoka safi kila mwaka. Ukasimama redioni ukasema mtaa ulikokulia hauna shida, na mimi nikamwita kila mtu aje asikilize.

Kisha mwezi uliopita Kasuku akapimwa damu. Unamkumbuka, ndiye yule aliyekuwa anakuuliza maswali kumi hujaketi. Maneno yamempungua, baba. Anaanza sentensi, anaiacha njiani. Daktari amekuta madini ya risasi kwenye damu yake. Ndipo mkamtuma yule binti wa maabara alfajiri bila taarifa, nikamfungulia mlango nikiwa na nguo ya kulalia. Akachukua maji ya kwanza. Na majibu unayo.

Ukanipigia simu umewaka moto. Ukasema Bwana Chupa alikuwa anajazia chupa kwenye koki ya ofisini, amekudanganya miaka tisa. Ukaniuliza kama alikuwa anafika kweli. Nikasema anafika, halafu nikasema sufuria inaungua, nikakata. Hakukuwa na sufuria jikoni.

Juzi akaja mwenyewe, kwa miguu. Nilijua kinachomleta, ila hakulalamika. Aliuliza goti langu, akafuta viatu vile vile, akakaa kwenye kiti chake. Kikombe cha kwanza kilipoisha ndipo akaniuliza, taratibu, kama mtu anayetafuta kosa lake mwenyewe, "Bibi, koki ilikuwa haifunguliwi tangu jioni, sivyo?"

Nikamwambia haifunguliwi.

Akatikisa kichwa, akaniamini. Akanishukuru kwa chai. Nilimtazama akishuka ngazi ameshika ukuta, na tangu hapo usingizi umenihama.

Mwanangu, nilikuwa naifungua. Kila alipokuja, miaka tisa yote. Jioni ile ya kwanza nilikusudia kutii, lakini alfajiri nikanawa uso, nikaona maji yana rangi ya chai iliyokolea. Nikaona aibu. Mgeni aje na chupa zake safi, nimpe maji ya namna ile, aende nayo ofisini kwa mwanangu? Na bomba ni la baba yako, na jina la baba yako ndilo lililobaki. Nikaacha yatiririke mpaka yakang'aa, nikasugua koki kwa limau, nikafunga, nikakaa kumsubiri. Siku nyingine zote nilikunywa yalivyo, na mtaa wote ulikunywa yalivyo. Mimi nilidhani nafuta kutu. Hiyo risasi inayotoka kwenye bomba lenyewe haina rangi wala harufu, sikujua kwamba naimwaga nayo. Kutojua huko hakunisaidii, kwa sababu nilijua nimeambiwa nisifungue, na nilijua nasema uongo. Juzi nilijua zaidi.

Msusi aliweka kalamu chini, akaenda kusimama dirishani akanipa mgongo. Nilimwambia anitukane, haki anayo. Hakunitukana. Aliniuliza jambo moja tu, kama wakati ana mimba ya Kasuku nilikuwa nimeshaanza. Nikamwambia nilikuwa nimeshaanza. Halafu akarudi mezani, akachukua kalamu, akasema, "Sema, Bibi, naandika."

Nami nasema. Mrudishieni Bwana Chupa begi lake, tena mbele ya watu, kama mlivyomnyang'anya. Yaliyosemwa redioni yakasahihishwe hukohuko redioni, na wewe ndiwe utakayesema, najua itakuuma. Na hayo mabomba yafukueni yote. Anzeni na la baba yako. Nitasimama mlangoni wakilitoa, na nikilia waniache nilie, wasisimamishe kazi.

Msalimie mke wako, mwambie kitambaa alichonitumia ni kizuri ila ni kifupi. Wabusu wajukuu zangu. Mabinti wa Bwana Chupa siwajui, lakini uwasalimie kupitia kwa baba yao ukishamwomba radhi.

Alhamisi nakuja mwenyewe. Usitume gari, msusi atanisindikiza. Andaa viti viwili upande wa Bwana Chupa, chako acha hukohuko kiliko. Ukinikasirikia, kasirika, lakini ule kwanza.

Ni mimi mama yako. Kusaini sijui, nimeweka kidole gumba cha kulia, wasije wakasema umeitunga wewe.

Aliyeandika na kushuhudia: mama yake Kasuku.