Ramani ya Vitabu vya Majirani

Schaerbeek, Bruxelles, 3 Machi 2025

Tantine Cécile, shangazi yangu mpenzi,

Jambo sana. Mgongo unaendeleaje? Na kile kikohozi cha vumbi kimekuacha? Mimi mzima, ila baridi ya huku haijasikia kwamba Machi imefika. Natoka nyumbani na kofia mbili, watu wa tramu wananitazama kama nimeiba moja.

Nina ombi. Unajua chama ninachofanyia kazi: tunawakutanisha watafiti wa maktaba wa nchi mbalimbali, wachunguze pamoja jinsi watu wanavyotunza vitabu na habari na jinsi wanavyovitafuta. Lakini mkutano mkuu ukifika, wanaosimama kusema ni walewale wa nchi zilezile. Tukitajwa sisi, jibu ni moja: kule hakuna takwimu. Nimechoka kulisikia hilo, Tantine, linaniuma. Mwaka huu mkubwa wangu wa kazi, Tonton Mansour, Murundi wa Bujumbura, amenipa nafasi nisimame mwenyewe mwezi wa sita. Nikifanya vizuri, chuo kikuu kitanipokea kwa shahada ya udaktari.

Nataka kueleza ulivyookoa maktaba ya shule uliyofundisha. Niandikie yote: nani ana vitabu gani, na nyumba yake iko wapi.

Mtoto wako,
Kahambu

Goma, 21 Machi 2025

Mutoto wangu Kahambu,

Jambo, na unisalimie huyo Tonton Mansour. Mgongo uko palepale, haujahama. Lakini wewe katika picha uliyotuma shingo imekuwa ndefu. Kula, maman, utafiti hauliwi.

Bon. Unasema niliokoa maktaba. Mimi sikuokoa kitu peke yangu. Watu wa silaha walipoteka mji na kulala shuleni walianza kupikia madawati. Madawati yakiisha, kinachofuata unakijua. Nikawaambia wamama wa kanisa na wale wa msikiti: kila muntu abebe anachoweza chini ya kitenge. Asubuhi moja tu, rafu zote tupu.

Mama Warda ana jiografia na hesabu. Florent kinyozi ana hadithi, na siku hizi wanakuja kunyolewa hata wenye vipara. Papa Juma, fundi cherehani, ana vile vya sheria: katiba, haki za raia, mambo ya uchaguzi. Vile ndivyo vijana wanavitafuta sana, na ndivyo watu wa silaha hawataki kuviona. Ukitaka kitabu, unaenda kuazima sufuria. Kinatoka ndani ya sufuria na kinarudi ndani ya sufuria, mfuniko juu. Kijana mumoja alirudisha sufuria tupu kwa Mama Warda, eh! Alisemwa mpaka akahama njia.

Hapa hatuna namba za nyumba, donc nimekuelekeza kama tunavyoelekezana: bomba la maji, kanisa, ukuta wa mawe meusi. Yote iko kwenye karatasi ya pili. Andika, wasikie huko kwamba tunasoma. Lakini majina ya watu ubadilishe. Hilo nakuomba kabisa.

Tantine wako

Bruxelles, 24 Juni 2025

Tantine, Tantine, Tantine!

Jambo, habari ya mgongo, nisamehe sisubiri jibu. Nimesimama! Nilipofika kwenye sufuria ukumbi mzima ulicheka, halafu wakaanza kuandika. Profesa mmoja, mama mzee kutoka Finland, alikuja kunishika mikono yote miwili. Alisema ametafiti maktaba maisha yake yote na hajawahi kuwaza kwamba mtaa unaweza kuwa maktaba. Tonton Mansour alitoka nje kupangusa macho, akarudi akasema ni mafua.

Chuo kimenipokea. Na utafiti wangu umechaguliwa uwekwe kwenye mtandao, wazi kwa kila nchi, bila malipo. Hiyo ndiyo kanuni ya chama: utafiti usifungiwe. Kilichowapendeza kuliko vyote ni ramani. Nilichukua picha ya mtaa iliyopigwa kutoka angani, nikaweka kinukta penye kila nyumba, na pembeni nikaandika aina ya vitabu vilivyomo. Majina nimebadilisha yote kama ulivyoniagiza. Papa Juma sasa anaitwa Bwana A. Mwonyeshe, acheke kidogo. Mwambie jirani yako Guylain, anayetutumia barua hizi kwa simu yake, akufungulie.

Mtoto wako mwenye furaha,
Kahambu

Goma, 27 Juni 2025

Kahambu,

Jambo. Nimesalimia, sasa nisikilize. Toa ile ramani. Leo hii.

Guylain amefungua simu, akavuta picha kwa vidole viwili, na nikaona bati la Papa Juma lenye kiraka cha buluu. Nikaona bomba letu. Juu ya bati kuna kinukta chekundu na maneno: sheria na katiba. Mutoto, huyo Bwana A umemficha nani? Watu wa silaha hawakuzaliwa hapa, majina yetu hayawaambii kitu. Wanauliza nyumba. Ungeacha majina yote na kutoa ramani, mimi ningelala.

Na ni mimi niliyekutumia maelekezo kwa mkono wangu, bila kufikiri. Nusu ya hasira hii ni yangu mwenyewe. Lakini toa.

Tantine

Bruxelles, 30 Juni 2025

Tantine wangu,

Jambo. Sijui niulize afya yenu kwa mdomo gani.

Nilikimbia ofisini na ndala miguuni. Tonton Mansour aliondoa ramani palepale, hakuniuliza hata swali. Lakini sisi watu wa maktaba hatupotezi kitu, Tantine, ndiyo kazi yetu. Kila utafiti tunaouweka, maktaba rafiki za nchi nyingine huchukua nakala na kuhifadhi, ili usipotee hata ofisi yetu ikiungua. Nimeziandikia zote. Karibu zote zimefuta. Moja imejibu kwa adabu sana kwamba kamati itakaa Septemba. Nimewapigia simu nalia, mama aliyepokea akasema ananihurumia, ila utaratibu ni utaratibu.

Najiona mjinga mbele yenu. Waambie wahamishe vitabu, wavizike, wavichome hata, sijali tena. Nijibu, neno moja tu.

Kahambu wako

Goma, 2 Agosti 2025

Mutoto wangu,

Jambo. Barua hii nimempa Rukiya, mama anayevuka mpaka kuuza samaki. Ataipiga picha akiwa ng'ambo na kukutumia, juu simu ya Guylain sasa inasomwa. Kila kinachoingia wanakiona, kila kinachotoka pia.

Walikuja na ramani yako ndani ya simu yao. Kwa Mama Warda hawakukuta kitu, tulikuwa tumeshahamisha. Kwa Florent pia. Kwa Papa Juma tulichelewa. Alisema amalize kwanza sare za wanafunzi, halafu atabeba. Walizikuta katiba chini ya vitambaa, wakaondoka naye. Mke wake anapeleka chakula na sahani inarudi tupu, donc tunaamini yuko hai.

Nilienda kwa mkubwa wao. Nikamwambia hapa hakuna maktaba, zile ni karatasi ambazo fundi alikatia mitindo. Nikamwambia wewe ni binti wa Ulaya uliyetunga hadithi ili upate shahada. Alicheka. Akasema: "Basi aseme mwenyewe, palepale alipoandika. Akisema, nitamwachilia fundi."

Umeelewa ninachokuomba. Andika kwamba ulidanganya. Najua ni masomo yako yote, na najua jina la ukoo uliloweka juu ya utafiti ule ni la marehemu kaka yangu, baba yako. Ningekuwa na njia nyingine nisingekuomba hii. Na baadaye, nitakachokuandikia kwa simu ya Guylain kitakuwa kwa macho yao. Usikijibu.

Tantine wako anayekupenda

Bruxelles, 9 Agosti 2025

Tantine,

Jambo. Natuma kwa simu ya Mama Rukiya, na Mungu amlinde njiani.

Nimeandika. "Mimi Kahambu nilitunga utafiti huu. Hakuna vitabu katika nyumba zile, na hakuna mtu aliyenipa maelezo." Tonton Mansour anajua kwamba si kweli. Alinisihi tutafute njia nyingine, nikamwuliza ipi. Aliweka sahihi yake chini ya yangu na kwenda kukaa kwenye ngazi. Ile maktaba ya kamati ya Septemba imebandika tangazo langu juu ya ramani siku hiyohiyo. Kumtangaza mtu kuwa mwongo hakuhitaji kamati, kumbe!

Chuo kimenifungia mlango. Profesa wa Finland ameniandikia mstari mmoja tu, kwamba anaona aibu. Nilitaka kumjibu, nikafuta. Mwakani watasema tena kule hakuna takwimu, na safari hii watanitaja mimi kama mfano. Hilo linaniuma kuliko udaktari. Lakini wakimwachilia Papa Juma, nitakula na nitalala.

Kahambu wako

Goma, 26 Agosti 2025, kwa simu ya Guylain

Kwa Mademoiselle Kahambu,

Tumesoma tangazo lako. Wakaaji wa mtaa huu wameshangaa kwamba muntu aliyelelewa hapa anaweza kuwachafua majirani ili asifiwe na wazungu. Hapa hakuna maktaba. Hapajawahi kuwa na vitabu katika nyumba yoyote.

Papa Juma, aliyesumbuliwa juu ya uongo wako, amerudi kwake jana. Mkono wa kulia haushiki tena sindano. Mke wake ndiye anakanyaga cherehani.

Mimi nilikufundisha kusoma kabla hujaanza shule, na ninajuta. Usiniandikie. Ukija Goma usiniulizie, nyumba yangu huijui.

Cécile Masika
mwalimu wa zamani