Majani ya Kuombwa

Jumatatu, 1 Septemba
Kikao cha wanawake msikitini. Maulidi Jumamosi. Washiela, mwenyekiti wetu mpya, katundika bango: "Sanaa Yetu, Umoja Wetu." Umoja! Nusu ya mtaa wetu wa Bo-Kaap imeuzwa kwa wageni, wanakuja na masanduku ya magurudumu, kesho kutwa hawapo. Nikauliza majani ya mlimau ya kukata tutayapata wapi. Bango lipo, majani hakuna.

Jumanne, 2 Septemba
Miaka yote majani yalitoka kwenye mlimau wa Faldiela, ukuta kwa ukuta na kwangu. Ubao mmoja — mimi huku, yeye kule. Tunakata mpaka majani yanakuwa membamba kama nywele, tunayatia mafuta ya waridi, tunayafunga vifuko vya kuwapa wanaume waliosoma Maulidi. Mwaka juzi akauza nyumba. Hakuniambia! Niliona lori tu mlangoni. Simu zake sipokei tangu siku hiyo. Mwaka jana nilikata peke yangu. Sasa mwenye nyumba mpya kaung'oa mlimau, kachimba bwawa la kuogelea. Maji yenyewe hayafiki kiunoni.

Alhamisi, 4 Septemba
Washiela kapata majani, gunia zima, kaagiza kwa simu. Nikanusa. Majani makavu ya kupikia biriani. Nikamwambia wanaume wetu watatoka msikitini wananukia sufuria. Akasema, "Bi Galiema, wewe kazi yako kudharau tu. Basi lete ya kwako." Sina. Hapo ndipo paliponiuma.

Ijumaa, 5 Septemba
Eti Faldiela anakuja na majani. Kayaomba nyumba kwa nyumba huko alikohamia, Mitchells Plain. Kapata majirani wapya, hongera zake. Nimenoa visu. Usingizi hauji.

Jumamosi, 6 Septemba
Naandika nikiwa chumba cha kutawadhia, msikitini. Najifanya natia udhu.

Kaja. Kakonda. Magunia matatu: limau, chungwa, chenza, vurugu tupu. Ila yalipofunguliwa, kwa ile harufu hata Washiela aliinama kunusa. Nyuma yangu wananong'ona kwamba kodi ya manispaa ilimshinda alipofiwa na mume, akaona haya kuniambia. Haya! Mimi niliyemwosha marehemu mama yake!

Akaja moja kwa moja kwenye ubao wangu, akaketi upande wake wa zamani, bila hodi.

"Shoga, sogeza ubao kidogo. Kisu nimesahau."

"Umesahau ujirani, sembuse kisu."

Wanawake wote wakaacha kukata. Yeye akainamisha kichwa, akaanza kuchana majani kwa vidole. Vibaya kabisa, kama kawaida yake. Nikanyanyuka, nikakimbilia huku na mkoba wangu.

Mlango unagongwa. Si Washiela. Huyu anagonga polepole, kama alivyokuwa akigonga ukuta wetu akiishiwa sukari.

Nimetia mkono mkobani kutafuta leso. Nimetoa visu viwili. Vyote nilivinoa jana, mimi ninayekata peke yangu.

Anagonga tena.